Mwezi Ukifa, Mdogo Wangu Anabadilika

SWALI: Shikamoo Mama. Niko Mwanga, Kigoma. Mdogo wangu ana miaka 24, ameolewa na mvuvi wa dagaa wa Kibirizi. Kuna siku ni mtu wa kucheka, ananiita mama yake wa pili. Zikija siku za giza anageuka. Nikichelewa kupokea simu nimeshakuwa msaliti: ananitukana kwa meseji, kisha analia akiomba nisimtupe. Mwezi uliopita alijikata mkono kwa wembe. Hospitalini wametuambia ana tatizo la haiba, lile la bodalaini, yaani hisia zake na uhusiano wake na watu havitulii. Mama yetu anashikilia ni majini ya ziwani, maana humjia mwezi ukifa. Mimi nimechoka. Nimsikilize nani?
Dada Mtu, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mama yako ameona kitu cha kweli, sababu tu ndiyo kaikosea. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa haivuti samaki, wanapumzika. Basi mwezi ukifa, mume hayupo na simu yake haipatikani. Mdogo wako anabaki na hofu ya kuachwa, na hofu hiyo ni mojawapo ya dalili 9 ambazo madaktari huziangalia. Mtu huhesabiwa ana ugonjwa huu akiwa na 5 au zaidi, kwa muda mrefu.

Nimeuguza wagonjwa wa akili Tabora miaka mingi. Wapo wanaozaliwa na moyo mwepesi: neno dogo linawachoma, na maumivu yanachelewa kutoka. Hilo peke yake si ugonjwa. Ila mtoto wa namna hiyo akipigwa, akihamishwa nyumba hii na ile, au kila akilia akaambiwa anadeka, hajifunzi kujituliza. Anajifunza kwamba asipopiga kelele hasikiki. Hukuniandikia mdogo wako alilelewaje, kwa hiyo sitabuni.

Ninachokiona kwenye barua yako ni mzunguko. Anaogopa, anatukana, nanyi mnajitenga kwa uchungu. Naye akiona mmejitenga anasema, si nilijua! Hapo ndipo pa kuukata. Shemeji yako amwambie kabla ya kuingia ziwani atarudi asubuhi ipi, na upepo ukimchelewesha awepo mtu mwaloni wa kupeleka habari. Wewe mwambie, "Nitakupigia saa mbili usiku," na upige, hata kama jana alikutukana. Katikati usijibizane na kila meseji. Akikwambia umemchoka, usiape wala usibishane. Sema: "Naona umeogopa. Matusi siyapokei. Saa mbili nitapiga." Mwanzoni atakujaribu sana, vumilia.

Kuhusu wembe, naomba pasiwe na mtu wa kusema anajionyesha. Wengi hujikata ili maumivu ya moyoni yapungue kidogo, na hatari yake ni ya kweli. Ondoeni nyembe, dawa mzitunze ninyi. Akitaja kufa msimwache peke yake, hata kama alishawahi kulisema. Mpelekeni hospitali ya Maweni saa hiyohiyo.

Hakuna kidonge cha kuondoa tatizo hili lenyewe. Dawa husaidia mengine yanayoambatana nalo, kama sonona. Tiba yake hasa ni mazungumzo ya muda mrefu na mtaalamu, na mojawapo iliyosaidia wengi ilibuniwa na mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Marekani. Mwaka 2011 mama huyo alisema hadharani kwamba yeye mwenyewe alilazwa akiwa msichana, akijikata na kujichoma. Mwambie mdogo wako habari hiyo. Wagonjwa wengi waliofuatiliwa kwa miaka, dalili zao zilipungua sana.

Mama aendelee na dua zake, tena mbele ya binti, bila kumwambia ana majini. Mtu anayejiona hafai asiongezewe jina.

Nawe usibebe simu zote. Mpe shangazi au jirani unayemwamini zamu ya siku mbili kwa wiki, na mdogo wako aambiwe mapema ni siku zipi.