Baiskeli ya Triathloni kwa Mfuko Mdogo: Anza na Fremu Inayokutosha

Tangu nimalize mashindano ya triathloni, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo, ya jumla ya kilomita 113 kule Rubavu, Rwanda, swali linalonifikia mara kwa mara ni la baiskeli. Juzi ameniandikia kijana wa Nakuru aliyejiwekea akiba ya shilingi 60,000, akiuliza kama angoje hadi zifike 300,000 ndipo anunue baiskeli halisi ya triathloni. Mdogo wangu, usingoje.

Kilomita 90 za baiskeli siku ile nilizikata kwa baiskeli ya barabarani ya aluminiamu, ya mtumba, niliyoinunua Mombasa, na niliwapita watu waliopanda baiskeli za kaboni za bei ghali mno. Nalisema hilo kwa fahari, kwa kuwa muuzaji mmoja wa Nairobi aliwahi kuitazama baiskeli hiyo kuanzia tairi hadi tandiko, kisha akaniambia mbele ya wateja wake kwamba mchezo huu si wa watu wa mtumba. Maneno hayo bado yananiuma.

Ukivuka kasi ya kilomita 30 kwa saa kwenye tambarare, nguvu nyingi za miguu huishia katika kupambana na upepo, na kinachoukabili upepo huo zaidi ni kiwiliwili chako, wala si fremu, yaani kiunzi cha baiskeli. Mwaka 1989 mwendesha baiskeli Mmarekani Greg LeMond aliianza hatua ya mwisho ya Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, akiwa nyuma ya mpinzani wake Laurent Fignon kwa sekunde 50, akatumia vishikio vya kuegemeza viwiko vilivyotokana na mchezo wetu huu wa triathloni, na akatwaa ubingwa kwa tofauti ya sekunde 8. Vishikio vya namna hiyo huuzwa peke yake na hufungwa juu ya usukani wa kawaida. Tandiko likisogezwa mbele kidogo, umekaribia mkao wa baiskeli ya gharama kubwa. Soma kanuni kabla ya kuvinunua, maana mashindano yanayoruhusu kumfuata mwenzako kwa karibu ili akukinge upepo yana masharti yake.

Kwa hiyo fedha zako ziende kwanza kwenye fremu inayokutosha. Pima mguu kwa ndani, kutoka sakafuni hadi kwenye msamba, uzidishe kwa 0.67, upate kimo cha fremu: mwenye mguu wa sentimita 80 aanze kutafuta fremu ya sentimita 53 au 54. Fremu kubwa kupita kiasi haitakufaa hata ukipewa bure, kwa sababu utajinyoosha hadi mgongo ukuume, kisha ushuke ukakimbie kilomita 21 ukiwa umeshakwisha.

Kwa muuzaji, usione haya kupekua. Legeza skrubu ya nguzo ya tandiko na uizungushe nguzo yenyewe uone kama inasogea: katika baiskeli zilizokaa pwani, chumvi huigandisha nguzo ndani ya fremu, nawe hutaweza kurekebisha kimo maishani. Inua gurudumu, ulizungushe, na utazame nafasi iliyopo kati ya rimu na mpira wa breki. Ikipanuka na kupungua, rimu imepinda. Pima mnyororo kwa rula: pingili 12 kamili, yaani ya nje na ya ndani zikihesabiwa pamoja, huwa milimita 304.8 zikiwa mpya, na zikifika 308 basi huenda hata gia za nyuma zimelika, hivyo ipunguze bei.

Vijana wenzangu, tusikubali kuambiwa kwamba mchezo huu unanunuliwa dukani. Anayengoja baiskeli kamili huupoteza mwaka mzima wa mazoezi, na miguu haiuzwi popote. Fremu inayokutosha, hata ikiwa imechubuka rangi, itakubeba mashindano mengi ikiwa utaitunza na kuitumikisha kila wiki.

Kwa kijana wa Nakuru: tafuta baiskeli ya barabarani isiyozidi 40,000, na kiasi kitakachobaki ununue tairi mpya, vishikio vya viwiko na kofia ngumu, kwa kuwa bila kofia hiyo hutaruhusiwa kupanda baiskeli mashindanoni.