Haja ya Asubuhi Usiibane

Utumbo mpana una urefu wa kama mita moja na nusu, na hauna haraka. Kila siku hupokea takribani lita moja na nusu ya uji mwepesi wa chakula kilichosagwa kutoka utumbo mwembamba, ukafyonza maji na chumvi mpaka chooni yatoke maji mililita 100 hadi 200 tu. Kazi hiyo huchukua saa 30 hadi 40, na hata siku tatu si ugonjwa.

Muda mwingi hujikunja vipande vipande, ukigeuzageuza kilichomo palepale. Msukumo wenyewe huja mara chache kwa siku: sehemu ndefu ya utumbo hujikaza kwa pamoja na kupeleka mzigo kwenye puru, yaani kipande cha mwisho cha utumbo. Huja zaidi ukishaamka na ukishakula, maana tumbo likijaa huuamsha utumbo mpana. Hapo ndipo wengi wanapojiharibia. Mtu anatoka alfajiri kuwahi daladala, hajatia kitu mdomoni. Haja ikimshika njiani, anaibana. Puru ikijaa, msuli wa ndani wa njia ya haja hulegea wenyewe, wa nje ndio tunaoubana. Ukibana, haja hupoa baada ya dakika chache, msukumo mwingine unaweza kuchukua nusu siku, na maji yanazidi kufyonzwa. Choo kinakuwa kigumu kama vigololi.

Basi amka mapema kidogo, kunywa chai au uji na kitafunwa, kisha dakika 15 hadi 30 baadaye nenda chooni. Simu usiingie nayo. Dakika kumi zikipita bila kitu, inuka. Kukamua kwa nguvu huleta bawasiri. Choo cha kuchuchumaa kina faida: msuli unaoikunja puru hulegea, njia inanyooka. Cha kukalia, weka kigoda cha sentimita 20 chini ya miguu, uiname mbele.

Dona badala ya sembe, maharage na mboga za majani husaidia, ila ongeza taratibu kwa wiki mbili, la sivyo gesi itakutesa. Maji nayo usiyasahau. Vidonge vya madini ya chuma na dawa za maumivu zenye kodeini hufungisha choo, mwambie aliyekuandikia.

Kwenda mara tatu kwa siku au mara tatu kwa wiki, kote ni kawaida. Lakini damu chooni, kupungua uzito bila sababu, au choo kilichobadilika kwa zaidi ya wiki tatu, kapimwe. Tumbo likivimba, ukatapika na hata ushuzi hautoki, nenda hospitali saa hiyohiyo, na usinywe dawa ya kukufanya uharishe.