Koitobos mwezi wa Aprili: ngurumo na maporomoko

Dada, umeuliza kama wewe na wadogo zako mnaweza kutoka Kisumu wikendi moja ya Aprili mkapande Koitobos, kilele kimojawapo cha Mlima Elgon upande wa Kenya, na kama koti la mvua litatosha. Mimi ningeisogeza safari hadi Januari au Februari. Aprili ni masika, na udongo umeshiba maji.

Koti peke yake halitoshi. Kilele kiko mita 4,222, Kisumu kama 1,130, na joto hupungua takriban digrii 6 kwa kila mita 1,000. Nilipanda huko na sweta ya pamba. Iliponyeshewa ikawa nzito kama gunia bichi, na vidole vikagoma kabisa kufunga kamba za viatu. Vaeni sufu, na soksi kavu zikae ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Ikibidi Aprili, ondokeni kambini alfajiri, saa sita mchana muwe mnashuka. Mawingu ya radi hukusanyika alasiri. Mkisikia ngurumo, tokeni mgongoni mwa mlima, achaneni hatua kadhaa, na msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake.

Hema lisikae kwenye mdomo wa korongo, tafadhali. Machi 2010, huko Bududa upande wa Uganda, mteremko wa mlima huu huu uliporomoka baada ya mvua kubwa ukafukia watu na nyumba zao. Mkiona ufa mpya ardhini, miti iliyoinama, au kijito kinageuka matope ghafla, pandeni pembeni, msifuate bonde. Na langoni Chorlim, mnapoingilia hifadhi, waachieni askari wa hifadhi saa mnayotarajia kurudi.