Kabla hujaandika "hasi"

Nyinyi mnaoingia maabara ya patholojia hapa Unguja mtakuta watu wamekazana kuhesabu viini vya seli vyenye rangi ya kahawia, inayoonyesha protini tunayoitafuta ipo, kama wachumaji wa karafuu wanavyohesabu pishi. Kuhesabu kuna wakati wake. Tazameni kwanza rangi imekaa wapi.

Utumbo mpana wenye afya una vitezi virefu kama visima. Ki-67, protini ya seli zinazojigawa, huonekana chini kisimani. Seli zikipanda huacha kujigawa, na zikifika mdomoni hufa zikabanduka. (Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama "Ki" ni ngeli. Ni Kiel, mji wa Ujerumani ilikotengenezwa kingamwili yake, iliyotangazwa 1983.) Kwenye adenoma, uvimbe ambao bado si saratani, Ki-67 utaikuta imepanda mpaka juu. Bcl-2, protini inayozuia seli isife, nayo kwa kawaida iko chini kisimani. Huongezeka mapema, kwenye adenoma, lakini saratani nyingi huwa nayo kidogo kuliko adenoma. Kwa hiyo si kila alama hupanda kadiri ugonjwa unavyokwenda mbele.

Hiyo Bcl-2 ndiyo iliyoniumbua. Sampuli ilitoka Pemba kwa boti, kipande kinene kimesokomezwa ndani ya kichupa, formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, imekifunika nusu. Nikaandika "hasi", yaani uvimbe hauna Bcl-2. Mkubwa wangu akasogeza slaidi kidogo, akaniuliza: "Na limfosaiti hizi je?" Zilikuwa buluu tupu. Limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, kwa kawaida zina Bcl-2. Zisiposhika kahawia, kipimo ndicho kilichokufa. Tulipokata upya upande uliokuwa umezama, limfosaiti zikatoka kahawia, na uvimbe nao pia.

p53, protini inayozuia seli zenye kasoro zisijigawe, ina mtego wa namna hiyohiyo, ila umegeuzwa. Kahawia nzito karibu kila kiini cha uvimbe huashiria jeni ya p53 iliyoharibika. Hilo wengi wanalijua. Lakini uvimbe ukiwa mtupu kabisa, huku seli za jirani zina kahawia hafifu ya hapa na pale, kipimo kimefanya kazi. Uvimbe huo mara nyingi nao una jeni iliyoharibika, ila hii haitoi protini ya kuonekana. Bila majirani huwezi kujua kama ni jeni iliyoharibika au ni kipimo kilichokufa.

Na formalini iwe mara kumi ya ukubwa wa kipande, utumbo upasuliwe kabla ya kutumbukizwa, na fomu iandikwe saa ulipotiwa humo. Boti ikichelewa Mkoani, nyinyi mtakaopokea mjue kipande kimekaa muda gani.