Uanzie bia gani Ubelgiji?
Kaka, umeuliza uanze na bia gani ukifika Brussels. Usikimbilie Rochefort 10. Ile ina kilevi asilimia 11.3, na utamu wake wa zabibu kavu unakudanganya mpaka utake kusimama. Anza na Orval, 6.2 tu, bia ya monasteri, chungu kiasi, na ladha inageuka kadiri chupa inavyokaa. Halafu nenda Cantillon, kiwanda cha bia hapo hapo Brussels, ukaonje bia yao iitwayo gueuze. Hiyo hawaitii hamira: maji ya kimea yanaachwa yapoe usiku kwenye sinia kubwa la shaba, vijidudu vya hewani viingie vyenyewe, kisha miaka kwenye mapipa. Chachu kama ukwaju! Glasi ya kwanza nilikunja uso, ya pili nikaagiza mwenyewe. Na usidai baridi kali, inaua ladha.