Kidato cha tano au chuo? Soma matokeo somo kwa somo

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka Januari, mtaa mzima unauliza kitu kimoja: "Kapata divisheni ngapi?" Divisheni haisemi mengi. Milango hufunguliwa na kufungwa na alama ya somo mojamoja, kwa hiyo andika masomo yote kwenye karatasi kabla hujamsikiliza mjomba wala shangazi.

Tuseme kijana ana Biolojia B, Kiswahili B, Kemia C, Kiingereza C, Jiografia C, Historia C, Uraia C, Fizikia D na Hisabati F. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, na yanahesabiwa masomo saba bora. Jumla ni 19, divisheni ya pili. Ili achaguliwe kidato cha tano cha serikali anatakiwa awe na C tatu au zaidi, na masomo matatu ya kombi (mchanganyiko atakaosoma) yasizidi pointi 10 wala yasiwe na F. PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) inampa 9, CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) inampa 8. Kotekote anaingia.

Basi wazazi humwambia: "Nenda CBG, Fizikia inakusumbua." Kwa anayelenga kilimo au mazingira, sawa kabisa. Ila shahada ya udaktari inataka Fizikia, Kemia na Biolojia za kidato cha sita, zote tatu. Wa CBG hata akipata A tatu, mlango huo hauko. PCB nayo haimpeleki mtu kwenye uhandisi wa ujenzi au wa umeme, maana huko wanataka Hisabati ile ya PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati), na BAM, ile hisabati nyepesi ya somo la ziada, haihesabiki badala yake.

Je, huyu wetu aende PCB? Kuingia ataingia. Tatizo ni kwamba Fizikia ya kidato cha tano ni hesabu tangu wiki za mwanzo, naye ana F ya Hisabati na D ya Fizikia. Simshauri.

Chuo kinamfaa zaidi. Diploma ya utabibu (clinical medicine) ni miaka mitatu, ngazi za ufundi NTA 4 hadi 6, na inaanzia D nne za masomo yasiyo ya dini, zikiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Akimaliza ana taaluma mkononi. Akitaka baadaye kusomea udaktari, ataulizwa GPA (wastani wa alama za diploma) ya 3.0 pamoja na angalau D za kidato cha nne katika Fizikia, Kemia, Biolojia, Kiingereza na, ndiyo, Hisabati. Wengi huishtukia F hiyo wakiwa mwaka wa mwisho wa diploma. Arisiti Hisabati mapema kama mtahiniwa wa kujitegemea, Novemba inayofuata, hesabu zikiwa bado kichwani.

Kuhusu pesa, ada ya kidato cha tano na sita shule za serikali ilifutwa 2022. Godoro, sare na nauli bado ni zako. Chuo binafsi cha afya ni ada ya miaka mitatu mfululizo. Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha baadhi ya diploma mwaka wa masomo 2023/24, siyo zote, kwa hiyo angalia orodha ya mwaka husika kwanza. Na usiridhike kwamba chuo kimesajiliwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi: tafuta na jina la kozi yenyewe, kwani chuo chaweza kuwa na usajili halafu kozi moja ikawa haina ithibati.

VETA, yaani vyuo vya ufundi stadi, isitajwe nyumbani kama adhabu. Kijana anayefungua na kufunga redio tangu darasa la tano anajua anakokwenda kuliko wewe.

Mwisho, kombi alizojaza kwenye Selform (fomu ya machaguo) akiwa shuleni alizijaza kabla hajajua matokeo. TAMISEMI hufungua dirisha la kubadilisha baada ya matokeo. Ingieni naye siku za mwanzo. Siku ya mwisho mtandao huwa umeelemewa.