Propina si hongo, Mjomba

Shikamooni wakubwa. Wadogo zangu, hamjambo.

Juzi niliweka kwenye grupu la familia picha ya bili ya chuo, ili mwelewe kwa nini mwezi huu sikutuma kitu. Imeandikwa "propina", awamu ya 3. Mjomba akaipitisha kwenye programu ya kutafsiri ya simu, ikamwambia ni hongo. Akaniuliza mbele ya wote kama huku Lisbon nimeingia chuo kwa kuhonga. Mjomba, swali lako limeniuma, nimelala nalo siku mbili. Lakini nakujibu, maana neno lenyewe ndilo lililokuponza.

Hapa Ureno propina ni ada ya chuo, basi. Kwa Mreno si kubwa sana: shahada ya kwanza katika chuo cha serikali, ukomo ni euro 697 kwa mwaka. Anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya hulipa mara kadhaa ya hiyo, na mimi natoka nje.

Simu nayo haikukudanganya. Kwa Wabrazili propina ni hongo kweli, na kashfa kubwa ya rushwa huko kwao, Lava Jato, ilipolipuka 2014 neno hilo likawa la kila siku kwenye taarifa zao za habari. Wiki yangu ya kwanza kwenye mgahawa ninaofanya kazi nilimwambia mpishi, Mbrazili, kwamba kesho nitachelewa, naenda kulipa propina. Akaacha kukata vitunguu. Kisu bado kiko mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Unamlipa nani?" Alidhani kuna mtu ananikamua kwa ajili ya makaratasi yangu.

Wahispania nao wakimaliza kula huulizana kama waache propina. Kwao ni bakhshishi. Sarafu zao tunazitia kwenye kikombe kilichovunjika mkono, kando ya mashine ya kahawa, na tukifunga tunagawana. Siku nyingine napata euro 3, siku nyingine nauli tu. Kwa hiyo propina ya Mhispania ndiyo inanisaidia kulipa propina ya Mreno.

Asili yake ni Kigiriki, propinein: unatangulia kunywa ukimtakia mwenzio afya, kisha unampa kikombe naye anywe. Walatini wakalichukua, baadaye likawa zawadi, likawa pesa ya kinywaji, na kila taifa likaenda nalo njia yake. Ajabu ni kwamba kinywaji hakikosekani. Mreno bakhshishi huiita gorjeta, kutokana na gorja, yaani koo. Angola anayetaka hongo huomba gasosa, soda. Na sisi tunasema chai! Chai ile ile Bibi anayomkaribishia mgeni kabla hajamuuliza shida yake, mtu kaketi ofisini anaitumia kumnyang'anya mjane. Mimi hilo linanichoma kuliko mchezo wowote wa maneno wa Wareno na Wabrazili.

Hongo sijatoa, Mjomba. Chumba tunalala watatu, ada zimebaki awamu 7, na nguo ya baridi nimeazima. Kila nikilipa nitawawekea risiti, na pembeni nitaandika kwa kalamu "ada". Pesa ya dawa za Bibi naituma tarehe 5, kabla sijalipa kingine chochote.